Huyu "wivu wa mapenzi" ni nani mbona anaua sana?

Juzi kati nimekaa kijiweni Magomeni hapa Mtwara, kahawa mkononi, kashata mbili, redio ya muuza kahawa ikasoma habari ya mwanamke kauawa na mumewe mkoa wa mbali huko, na msomaji akamalizia na maneno ambayo kila mtu pale angeweza kuyamalizia mwenyewe, "chanzo kinadaiwa kuwa ni wivu wa mapenzi". Basi, ikaja habari ya mpira. Nikaropoka, hivi huyu wivu wa mapenzi ni nani mbona anaua sana na hakamatwi? Watu wakacheka. Mzee mmoja, mie namuita mjomba ingawa hatuna undugu wa damu, yeye hakucheka. Akasema, "Mpwa wangu, nyie vijana mmeanza mambo ya kuhesabu wanawake peke yao. Walinzi wanakatwa mapanga usiku, bodaboda wanakabwa wanatupwa maporini, wote hao wanaume, mbona hamna anayewahesabu?"

Nikanyamaza maana sikuwa na jibu la haraka, na swali lake sio la kipuuzi kama watu wa mitandaoni wanavyopenda kulichukulia. Nimekaa nalo wiki nzima, nikarudi kwenye ripoti ambazo nilishawahi kuzisoma na nyingine nikazitafuta upya, na haya ndo niliyoyaona.

Kwanza mjomba hajakosea. Duniani kote katika kila watu kumi wanaouawa kwa kukusudia, nane ni wanaume. Hilo wanalisema wenyewe wale wa Umoja wa Mataifa wanaotoa ripoti ya mauaji ya wanawake kila Novemba, hawalifichi. Sasa ripoti hiyohiyo inasema mwaka 2023 waliuawa wanawake na wasichana kama 85,000, na kati yao 51,100, yaani asilimia 60, waliuawa na waume zao, wapenzi wao au ndugu zao wa familia. Hapo ni kama wanawake 140 kwa siku. Kwa wanaume waliouawa, wanaouliwa na watu wa nyumbani ni kama asilimia 12 tu. Kwahiyo mwanaume mara nyingi anauliwa huko nje na mtu wa nje, mwanamke anauliwa na mtu ambaye alikuwa anamfulia nguo. Ni vifo vya aina mbili na dawa zake ni mbili, doria ya usiku inaweza kumuokoa bodaboda lakini haiingii chumbani kwa watu.

Afrika ndo inaongoza kwenye hiyo hesabu ya 2023, wanawake 21,700 waliouawa na wenza au ndugu, karibu 3 kwa kila wanawake 100,000. Ulaya ni 0.6. Ila hapa na mie nataka kuwa mkali kidogo kwa upande wangu mwenyewe, maana watu wanazibeba hizi namba kama vile zimetoka mbinguni. Nchi nyingi za Afrika hazina hiyo data, wanachofanya ni makadirio kutoka kwa zile chache zinazotoa. Ripoti iliyofuata, ya mwaka 2024, inasema waliouawa wote ni kama 83,000 na waliouliwa na watu wao wa karibu ni kama 50,000, sasa mtu akikimbilia kusema tumepunguza, waandishi wa ripoti wenyewe wanamkataza, wanasema tofauti hiyo inatokana zaidi na nchi zipi zimeleta data mwaka huo na zipi hazijaleta. Yaani hata kupungua hatujui kama ni kupungua.

Na hapa ndo narudi kwa huyu wivu. Nadhani ndo neno linaloharibu hesabu kuliko kitu chochote, kwasababu likishaandikwa hakuna anayeuliza tena. Upande wa kulitetea upo, mwandishi wa habari ana dakika moja, kamanda wa polisi anaongea siku ya kwanza upelelezi haujaanza, lazima aseme kitu, na kusema kweli kuna matukio ambayo wivu upo kabisa, mtu kafuma meseji akachanganyikiwa. Sio uongo kila mara. Lakini angalia neno linavyofanya kazi. Ukisema "wivu wa mapenzi" umeshamgawia marehemu nusu ya kesi. Watu wanaanza kuuliza alikuwa na nani, alifanya nini, alivaaje, na huyu aliyeua anageuka mtu aliyependa kupita kiasi. Wakati mambo yanayozaa hayo mauaji ukiyachambua mengi sio mapenzi, ni mali, ni mtoto, ni mwanamke kasema nimechoka naondoka.

Chukua ile ya Kenya ya Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris 2024. Alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanaume aliyekuwa mpenzi wake, Trans Nzoia, akafariki hospitali Eldoret tarehe 5 Septemba 2024. Ukifuatilia, ugomvi ulioripotiwa ulikuwa wa kiwanja na nyumba aliyojenga. Kiwanja! Na yule mwanaume naye akafa kwa majeraha ya moto huohuo, kwahiyo hakuna kesi, hakuna hukumu, na mtafiti atakayekuja kutafuta kwenye mafaili ya mahakama hatomkuta Rebecca mle ndani. Haya mambo ya "alimuua kisha naye akajiua" tunayoyasikia kila siku redioni yanapotelea hapohapo.

Kwahiyo swali linakuwa unahesabu wapi. Kenya wengi wamehesabu kwa magazeti, watu wa data walikusanya habari za kuanzia 2016 wakapata wanawake zaidi ya 500, hesabu iliyosaidia kuwafanya watu waandamane barabarani Januari 2024. Uzuri wa magazeti ni rahisi na ya haraka. Ubaya wake ni kwamba gazeti linamwandika msichana wa mjini aliyekutwa kwenye nyumba ya kukodi kwa siku, halimwandiki mama wa kijijini Nanyumbu aliyepigwa mchi akafa baada ya siku tatu na kuzikwa kama kaanguka. Magazeti yanahesabu vifo vinavyouza magazeti, nisamehewe kwa kusema hivyo.

Afrika Kusini walifanya kitu kingine ambacho mie kinanivutia zaidi. Watafiti wa baraza lao la utafiti wa tiba, kina Shanaaz Mathews, Naeemah Abrahams na Rachel Jewkes, waliingia mochwari. Walichukua sampuli ya mochwari nchi nzima, wakafungua rejista, wakatoa wanawake wote wenye umri wa miaka 14 na kuendelea waliouawa mwaka husika, wakasoma taarifa za uchunguzi wa mwili, halafu wakaenda kwa polisi mpelelezi wa kila kesi kumuuliza huyu marehemu na mtuhumiwa walikuwa nani kwa nani. Walifanya kwa vifo vya 1999, wakarudia kwa vya 2009. Mwaka 1999 mwanamke mmoja alikuwa anauliwa na mwenza wake kila saa sita, 2009 ikawa kila saa nane. Mauaji ya wanawake kwa ujumla yalishuka kutoka 24.7 kwa kila wanawake 100,000 hadi 12.9, karibu nusu nzima, hongera zao. Lakini kati ya zile kesi ambazo muuaji alijulikana, zile za mwenza zilipanda kutoka kama nusu hadi asilimia 57. Hili mjomba ningemrudishia na kahawa nikamlipia, maana ndo jibu lenyewe la kwanini unahesabu peke yake. Nchi inaweza kupunguza mauaji kabisa, ukafurahi, huku lile fungu la nyumbani linapungua kwa kujivuta. Ungehesabu jumla usingeliona.

Na bado hata mochwari ina tundu. Kwetu huku mtu akifa jioni, Waislamu wengi, asubuhi kaburi limeshachimbwa, na mazishi ya haraka ni heshima kwa marehemu sio njama. Ila mwili ambao haukufika hospitali hauna rejista. Silaumu dini hapa, nasema tu utafiti wa mochwari uliofaa Johannesburg usitegemewe mzimamzima Kitangari au Liwale.

Sasa tuache waliokufa twende kwa walio hai, maana hapo ndo Tanzania tuna data nzuri na ndo ubishi wenyewe umejaa. Ule utafiti mkubwa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili na asilimia 17 wa kingono. Wa 2022 ukaja na asilimia 27 na 12. Kutoka 40 hadi 27 kwa miaka saba hivi! Upande mmoja unasema hayo ndo matunda ya madawati ya jinsia polisi, ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili kwa wanawake na watoto, ule MTAKUWWA ulioanza 2017/18 na lengo la kupunguza ukatili kwa nusu, ya mahubiri, ya redio, ya wasichana kusoma. Inawezekana kabisa na mie sio mtu wa kukataa habari njema kwa mazoea tu.

Upande wa pili unauliza, mwanamke aliulizwaje? Na hapa nina la kusema kwasababu zamani kidogo niliwahi kuwa karani wa dodoso, utafiti mwingine tu wa kaya wala sio huo, nilipita vijiji vya huku na kishkwambi begani. Nakumbuka nyumba moja, mama amekaa kwenye mkeka anamenya ming'oko, mie kwenye kigoda, na mumewe kwenye baraza hatua kama nne anatengeneza kamba ya mbuzi. Swali lilikuwa la kawaida, nani anaamua matumizi ya hela ya korosho. Mama hakunijibu mie, aligeuka kuangalia kule baraza, kamba ikasimama, kisha akasema "baba". Kamba ikaendelea. Sasa kama swali la hela ya korosho limejibiwa hivyo, la kupigwa je? Watafiti wazuri wanalijua hili. Shirika la afya duniani lilipofanya utafiti wake mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao kwetu ulifanyika Dar na Mbeya, lilikuwa na masharti, mwanamke mmoja tu kwa kaya, pawe na faragha, muulizaji awe mwanamke aliyefundishwa, na kijijini usitangaze kwamba ni utafiti wa ukatili, unasema ni wa afya ya wanawake. Na kwa masharti hayo walipata asilimia 41 Dar na 56 Mbeya ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza ambao wamefanyiwa na huyo mwenza ukatili wa kimwili au kingono. Usilinganishe na ile 40 au 27 moja kwa moja, maswali na makundi ni tofauti, watu wanalinganisha tu mitandaoni embe na korosho.

Mie naegemea wapi? Nadhani kupungua kupo lakini sio kwa ukubwa huo wote, sehemu fulani ni watu kujifunza kwamba hili jambo halisemwi tena hadharani. Zamani mtu alikuwa anasema "nampiga mke wangu" kijiweni na kucheka. Sa hivi hasemi. Hatujui kama kaacha au kanyamaza.

Kuna namba nyingine ya 2015-16 ambayo mimi ndo inanisumbua. Wanawake waliulizwa kama mume ana haki kumpiga mkewe kwa sababu angalau moja kati ya hizi, kaunguza chakula, kabishana naye, katoka bila kuaga, hajaangalia watoto, au kamnyima unyumba. Wanawake asilimia 58 walikubali. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Wanawake wengi kuliko wanaume! Watu wa kijiweni wakiisikia hii wanashangilia, "unaona, wenyewe wanataka". Taratibu. Mtu anayekubali kwamba kosa lina kipigo anaweza kuwa anakusimulia tu dunia anayoiishi ilivyo, na labda pia anajiaminisha kwamba asipounguza chakula atakuwa salama. Ni namna ya kulala usingizi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzake wa ndoa adhabu ya kipigo hata kama mila inasema vingine. Zaidi ya miaka 50 hiyo! Muulize nyakanga au shehe au katekista wako lini mara ya mwisho alikitaja hicho kifungu mbele ya maharusi.

Haya, sasa kusini kwetu. Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, asili yetu ukoo unafuata upande wa mama, na wajomba ndo wenye sauti. Wenzetu wa kanda nyingine wanatusema kwamba wanawake wa kusini hawakai kwenye ndoa, msimu wa korosho talaka, msimu wa kilimo ndoa, tumezoea masimango. Lakini kitafiti hiyo tabia ya kuondoka inaweza kuwa ndo ngao. Mchumi mmoja anaitwa Sara Lowes alifanya utafiti Kongo, mji wa Kananga, eneo ambalo koo za upande wa mama na za upande wa baba zinaishi jirani, akakuta wanawake wa koo za upande wa mama wanaripoti kupigwa kidogo kuliko wenzao na wana uhuru zaidi wa kuamua mambo yao. Sababu inayotolewa ni ileile bibi zetu wanaijua, ana kwao. Mume anajua akivuka mstari mke anabeba kitanda na watoto na hawatorudi, watoto ni wa ukoo wa mama. Ila huyohuyo Lowes alikuta kitu kingine ambacho wanaharakati hawakinukuu, kwamba wenza wa koo hizo hawashirikiani vizuri kwenye hela, kila mmoja anaficha, anapeleka kwao. Yaani kuna bei. Ngao ya mke ni hasara ya ndoa, na mwanaume wa kusini anayelalamika kwamba yeye ni mgeni nyumbani kwake mwenyewe hasemi uongo.

Na ngao yenyewe imetoboka. Mikorosho leo imesajiliwa kwa jina la nani kwenye chama cha msingi? Malipo ya mnada yanaingia kwenye akaunti ya nani? Mara nyingi baba. Mwanamke kalima palizi, kaokota korosho tangu Oktoba mgongo umepinda, hela ikiingia anaisikia kwa majirani. Ukoo upo wa mama, benki ipo ya baba. Halafu "kwao" kwenyewe siku hizi pamejaa, kaka kajenga, mjomba kahamia Dar, mama anaogopa aibu. Ule utafiti wa 2015-16 ulionyesha wanawake wakitafuta msaada mlango wa kwanza ni familia yao wenyewe, kabla ya polisi kwa mbali sana. Kwahiyo maneno ya siku ile ya kwanza kwao yana uzito kuliko dawati lolote. Na maneno hayo mnayajua. "Rudi mwanangu, vumilia, nani hajapigwa."

Wakati watafiti wote niliowasoma wanakubaliana kitu kimoja, saa ya hatari kubwa ni pale anapoondoka au anapokuwa ametoka kuondoka. Marekani, Jacquelyn Campbell na wenzake walilinganisha wanawake waliouawa na wenza wao na wanawake waliopigwa ila wakabaki hai, miji 11, matokeo yakatoka 2003. Mambo yaliyowatofautisha, mwanaume kuwa na bunduki, mwanaume kukosa kazi, vitisho vya kuua, na mwanamke kumwacha mwanaume mwenye tabia ya kumtawala kila kitu. Hili la kuondoka linaleta ubishi wa kweli. Mtu wa kijiweni atasema basi asiondoke. Wanaharakati watasema aondoke leo hii. Wote wawili wanakosea kwa mtazamo wangu. Kuondoka ndo kunakookoa mwishowe, ila kuondoka peke yako usiku na begi moja ukapanga chumba mtaa wa pili ndo hatari yenyewe. Mila yetu ya zamani ilikuwa na akili hapo, mwanamke alikuwa haondoki, alikuwa anachukuliwa. Wajomba wawili watatu wanakuja mchana kweupe wanakaa na mume wanaongea wanabeba vyombo wanaondoka naye. Mume anajua anagombana na ukoo.

Kwenye data hiyohiyo ya Campbell kukatoka kitu kingine, 2008, Nancy Glass ndo alikiandika. Kati ya wanawake waliouawa, asilimia 43 walikuwa wameshawahi kukabwa shingo na mwanaume huyohuyo ndani ya mwaka uliopita. Kwa wale waliopigwa na kubaki hai walikuwa asilimia 10. Wenyewe walikokotoa, wakishachuja mambo mengine, aliyewahi kukabwa uwezekano wa kuja kuuawa ni zaidi ya mara saba ya asiyewahi. Na kukabwa hakuachi alama nyingi, ndo shida yake, hakuna jino limetoka.

Nilivyosoma hiyo nikakumbuka. Mtaani kwetu kuna dada anauza vitumbua asubuhi, Januari moja hivi, joto la Mtwara mnalijua, nikamkuta kajifunga mtandio mzito shingoni, sauti imekauka kabisa anaongea kwa kunong'ona, na kwenye jicho la kushoto ana doa jekundu kama tone la damu limemwagika kwenye weupe. Nikamwambia pole na mafua. Akasema asante kaka. Nikanunua vitumbua vya elfu moja nikaondoka zangu, na mie ndo msomi wa mtaa.

Alienda kituo kimoja cha polisi, hilo nimelijua baadae sana. Aliambiwa mbona huna jeraha, nenda mkayamalize, na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali ukishaumizwa, hakupewa siku hiyo. Bila PF3 daktari hana pa kuandikia ushahidi wa polisi, na bila kuandikwa hakuna data, hata ije serikali na mradi wa mabilioni.

Turudi kwenye hela maana ubishi mwingine mkubwa uko hapo. Wapo wanaosema mpe mwanamke mtaji ukatili utaisha. Wapo wanaosema mwanamke akipata hela ndo anapigwa zaidi, mwanaume anajiona kashushwa. Mwanza walipima, sio kubishana tu. Saidi Kapiga na wenzake walichukua wanawake waliokuwa tayari kwenye vikundi vya mikopo, zaidi ya 1,000, nusu ya vikundi wakapewa mafunzo ya vipindi kumi kuhusu mahusiano, haki na kuongea ndani ya nyumba, nusu hawakupewa mpaka baadae. Matokeo, 2019, waliopigwa kwenye vikundi vya mafunzo walikuwa asilimia 12 na kwa wengine 17. Kwenye ukatili wa kingono tofauti haikuonekana. Mie naona hayo ni matokeo ya kuheshimika kwasababu hayajipambi, yamesema hapa imesaidia na hapa haikusaidia. Kumbuka wote walikuwa na mkopo, kilichoongeza ni maongezi. Sasa fikiria huku vikoba na mikopo ya kausha damu vimejaa, mama anakopa kwa siri mume anagundua siku wanakuja kubeba kabati. Hela peke yake bila maongezi ni petroli tu.

La mwisho la sheria. Wapo wanaotaka tuwe na kosa la peke yake la kumuua mwanamke kwa uanamke wake, kama Mexico tangu 2012 na Italia bunge lao lilivyopitisha Novemba 2025. Naelewa hoja, sheria inaita kitu kwa jina. Ila kwetu kuua kwa kukusudia adhabu yake tayari ni kunyongwa, utaongeza nini juu ya hapo? Na Mexico yenye hilo kosa bado wanauliwa wanawake kama kumi kwa siku. Mie ningetazama mlango wa nyuma, kile kipengele cha ghadhabu kwenye Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 201 na 202, kinachoweza kugeuza kuua kwa kukusudia kuwa kuua bila kukusudia. Huyu wivu wetu wa redioni ndo anaingilia hapo akiwa amevaa suti. Na kabla ya yote, mstari mmoja kwenye kila faili, marehemu na mtuhumiwa walikuwa nani kwa nani, na je alishawahi kuja kushtaki. Umoja wa Mataifa walishapitisha mwongozo wa kitakwimu wa hayo 2022, hauhitaji bunge, unahitaji kalamu.

Niliyarudisha haya kijiweni Alhamisi, sio yote, mjomba hana uvumilivu wa asilimia. Alisikiliza mpaka kwenye mochwari, akaweka kikombe chini. "Sasa mpwa, yule wa vitumbua kwenye hizo hesabu zako yuko wapi?"

Hayupo. Hakufa kwahiyo hayuko kwenye hesabu za waliouawa. PF3 hakupewa kwahiyo hayuko hospitali. Hakuna karani aliyemuuliza. Wajomba zake walitoka Newala na Canter wakamfuata, saa nne asubuhi, mtaa mzima unaangalia, yule mwanaume amekaa kibarazani hasemi kitu. Sa hivi anakaangia vitumbua kwa mama yake, na sauti naambiwa imerudi ila sio yote.